Upande wa Maneno

Demetria hakuanza kumpima mgonjwa kitandani. Alianzia mlangoni, kwenye viatu. Miaka kumi na tisa ya kuwafanyisha mazoezi watu waliopigwa na kiharusi ilikuwa imemfundisha kwamba ndugu wa mgonjwa hudanganya kwa mapenzi. Watakwambia siku hizi anatembea vizuri sana, dokta, utashangaa. Kandambili hazina huruma hiyo. Ile ya upande uliolegea hulika mbele, kwenye kidole gumba, kwa sababu mguu unaburuzwa, na ile ya upande mzima hulika kisigino kwa kubeba mzigo wa miguu yote miwili. Ukishajua ni mguu upi unaoburuzwa umeshajua ni nusu ipi ya ubongo iliyoharibika, maana mambo ya kichwani yamepishana: ubongo wa kulia ndio unaoendesha mwili wa kushoto, na wa kushoto unaendesha wa kulia. Huo ndio ulikuwa ufundi wake, na tusimnyime haki yake, alikuwa nao.

Alhamisi ile saa nane mchana aliinama mbele ya mlango wa Mzee Husseinali, Mtoni, akazitazama kandambili za bluu. Ya kushoto ilikuwa imelika mbele, ila alama za mburuzo zilikuwa zimepungua tangu Jumanne. Mzee ameanza kunyanyua mguu. Mtu mwingine angefurahi. Demetria alishika kiuno, akajinyoosha taratibu, akawaza kwamba bado ana mgonjwa mmoja Mabibo, kisha safari yote ya kurudi kwake Bunju, mji mzima kutoka ncha hadi ncha. Alikuwa na uchovu ule ambao ukilala unaamka nao. Asubuhi hospitali, mchana majumbani kwa watu, na kila nyumba wanakusubiri kana kwamba wewe umetoka kitandani sasa hivi.

Kando ya viatu palikuwa na sanduku kubwa la kijani. Jumanne halikuwepo.

Aliyemfungulia alikuwa Samina, binti wa mzee, mwanamke wa miaka arobaini na miwili, mwalimu wa hesabu, mwembamba, mwenye macho ya mtu asiyelala. Ndoa yake ilivunjika miaka mitatu iliyopita, akarudi kuishi kwa baba yake, nyuma ya duka la vitambaa. Akamwambia Demetria pale pale mlangoni, bila kuzunguka, kwamba Jumamosi anaondoka. Shule ya Arusha iliyokuwa ikimsubiri haiwezi kusubiri tena. Mzee atabaki na Fui, yaani shangazi, dada yake mzee. Theonest wa dukani atasaidia kumnyanyua na kumwogesha. Mazoezi yaendelee kama kawaida.

Demetria akauliza kama mzee ameambiwa.

"Nani amwambie?" Samina alisema. "Mie na yeye hatuongei, dokta. Wewe si unajua."

Demetria alijua. Nyumba nzima ilijua, na kama tutasema kweli, mtaa mzima ulijua.

Mambo yalikuwa hivi. Wiki kumi na moja nyuma, mezani kwenye chai ya asubuhi, Samina alimwambia baba yake kwamba amepata kazi Arusha na anataka kwenda. Mzee Husseinali hakupenda. Alikuwa mjane, mkewe alishatangulia, na binti huyu ndiye aliyebaki naye. Badala ya kusema kwamba ataumia, maana wanaume wa aina yake hawana msamiati huo, alisema, "Ukitoka humu ndani, mie na wewe maneno yamekwisha." Akanywa chai yake, akaenda dukani. Kabla ya adhuhuri akaanguka katikati ya majora ya vitambaa, mkono wa kushoto na mguu wa kushoto vimekufa ganzi, mdomo umekwenda upande. Tangu hapo hakumwambia Samina neno hata moja.

Sasa, angekuwa mtu mwingine, watu wangesema ni ugonjwa. Lakini Mzee Husseinali kwa kununa alikuwa na historia. Alipata kukaa miaka kumi na mmoja bila kuongea na binamu yake wa Tanga kwa sababu kadi ya harusi ilichelewa kufika. Walikutana misikitini, walikutana misibani, wakapishana kama hawajuani. Kwa hiyo aliponyamaza baada ya kusema maneno yamekwisha, kila aliyemfahamu alitikisa kichwa akasema ndiye yeye huyo, hata kiharusi hakikumbadilisha.

Samina peke yake hakutaka kuamini. Wiki tatu za mwanzo, hospitali na nyumbani, alimbembeleza. Alimwomba radhi, akamwambia haendi tena Arusha, akamlisha kijiko kwa kijiko huku akimsemesha. Mzee alimtazama tu, mara nyingine akageuzia uso ukutani. Ndipo alipokuja Demetria, wiki ya nne, na swali la kwanza aliloulizwa na Samina halikuhusu mguu wala mkono. Aliuliza kama baba yake hawezi kuongea au hataki.

Demetria aliifanya kazi yake kama alivyofundishwa. Alitazama picha ya kichwa waliyotoka nayo hospitali: doa liko kulia. Alipima mkono, akapima mguu, akamtazama uso: kushoto kote. Akauliza mzee anaandika kwa mkono upi, wakamjibu kulia. Kisha akachukua kifuniko cha boksi la mithai, vitamu vya Kihindi, lililokuwa mezani, akachora kwa kalamu kichwa kimoja kilichogawanywa nusu mbili, na mistari miwili inayopishana shingoni kwenda mikononi. Kwenye nusu ya kulia akatia doa, kwenye nusu ya kushoto akaandika kwa herufi kubwa, MANENO. Akaeleza kwamba kwa mtu wa mkono wa kulia, maneno hukaa ubongo wa kushoto, na kwa mzee huko kushoto hakujaguswa. Wagonjwa wake wote walioharibika kulia walikuwa wanaongea. Yule mama wa Mabibo, muuza mihogo, alikuwa haoni nusu ya dunia, anakula chakula cha upande mmoja wa sahani na kulalamika kwamba amepunjwa, lakini mdomo ulikuwa haukauki.

"Sauti yake ipo," Demetria alisema siku ile, begi limeshakaa begani, mguu mmoja uko nje. "Kilichobaki ni moyo wake, na moyo siupimi mie."

Samina alikichukua kile kifuniko akakibandika kwenye mlango wa friji. Kuanzia siku hiyo hakumsemesha baba yake tena. Alimpikia, alimfulia, alimgeuza kitandani ili asipate vidonda, yote kimya kimya. Akininyamazia namnyamazia, alimwambia Fui. Hakumsalimu hata asubuhi.

Na kilichokuja baadaye kikamchoma zaidi. Kwenye wiki ya sita mzee alianza kutoa sauti, na haikuwa kwake. Fui alipokuwa akivuta tasbihi yake na kusoma salawati, mzee aliidaka katikati akaimaliza naye, neno kwa neno, bila kukwama. Demetria alipompa shikamoo, alijibu marahaba. Samina aliyasikia hayo akiwa jikoni. "Kwa Mungu anasema, kwa dokta anasema," alisema, "bubu ni kwa mwanawe tu." Ndiyo maana Alhamisi ile sanduku lilikuwa mlangoni.

Demetria alipita sebuleni. Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti chake kilichogeuziwa dirishani. Kilikuwa kikitazama friji kupitia mlango wa jikoni, lakini siku moja alirusha kikombe kikagonga mlango wa friji na kuvunjika, wakaona ni bora wamgeuze. Fui, ambaye jina lake ni Maryambai, alikuwa kwenye kochi na tasbihi, bibi wa miaka sabini na sita aliyekauka kama kijiti, masikio yake yakisikia anachotaka yeye.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba," alijibu mzee, waziwazi.

Walianza na mguu. Simama, kaa, simama. Kisha mkono. Vidole vya kushoto vilikuwa vimeanza kukunjika kidogo, na Demetria akataka vipate kazi ya kweli, si kufinya mpira tu. Mtu aliyeishi miaka hamsini na kitambaa mpe kitambaa. Alipanga mkono wa kushoto ushikilie pindo, wa kulia ukate. Akamwita Theonest, aliyeuza vitambaa pembeni ya mzee kwa miaka ishirini na sita, akamwomba mkasi na vipande vilivyobaki.

Theonest alirudi na mkasi mrefu mweusi, umefungwa kwenye kitambaa laini. Alikuwa mtu wa Bukoba kama Demetria, na kwa hiyo alipenda kumwita dada.

"Huu wake mwenyewe, dada. Sie hatuugusagi. Na hata ukiugusa haukati. Tunasemaga una jini lake."

Demetria aliutia kwenye vidole vya mkono wa kulia wa mzee, ule mzima. Mzee akautazama mkasi, akamtazama Demetria, kama mtu aliyevishwa kiatu mkononi. Akatikisa kichwa. Akauvua mkasi kwa kuubana kati ya magoti, akaushika upya, akaupeleka kwenye mkono wa kushoto. Vidole vilijitahidi kufunguka, havikufika. Mkasi ukaanguka kwenye vigae. Demetria akauokota akaurudisha kulia, akamwambia kwa upole kwamba huo wa kushoto bado. Mzee akauhamisha tena. Ukaanguka tena. Mara ya tatu alikuwa anatetemeka mdomo, na jasho linamtoka.

Demetria aliona ni ukaidi ule ule, na kwa mara ya kwanza katika nyumba ile alimkasirikia mgonjwa wake. Akachukua kitambaa mwenyewe amwonyeshe jinsi ilivyo rahisi. Akakata. Kitambaa hakikukatika. Kilijikunja kati ya makali mawili kikakwama. Akajaribu tena, kikajikunja tena.

"Si nilikwambia," Theonest alisema.

Demetria aliuinua mkasi karibu na macho. Ilimchukua muda, alikuwa amechoka. Makali yalikuwa yamepangwa kinyume. Ubapa wa juu ulikuwa upande usio wake, na tundu kubwa la vidole liliangalia upande usio wake. Akauhamishia mkono wake wa kushoto, mkono asioutumia hata kuchana nywele, akabana. Kitambaa kikaachana sawasawa, mstari mmoja, hadi mwisho.

Mkasi haukuwa na jini lolote. Ulikuwa umetengenezwa kwa ajili ya mtu wa mkono wa kushoto.

"Theonest," alisema polepole, "mzee akikata kitambaa anatumia mkono gani?"

"Kushoto," alijibu Theonest, bila hata kufikiri. "Kukata tu. Mengine yote kulia."

"Mbona hamkuniambia?"

"Hukuniuliza, dada."

Demetria akamgeukia Fui. Safari hii masikio ya bibi yalikuwa yanasikia kila kitu. Aliweka tasbihi mapajani. Akasema Husseinali alizaliwa mashoto, kila mtu wa zamani anajua hilo, na mama yao hakulala kwa aibu. Mtoto akipewa tende anaipokea kwa kushoto. Akipewa msahafu anaunyooshea kushoto. Basi mama akapasua ukanda kwenye khanga yake kuukuu, na kila wakati wa kula na wakati wa chuoni mkono ule ulifungwa kiunoni. Ulifungwa tangu ana miaka mitatu hadi ana miaka saba. Akajifunza. Anakula kwa kulia kama watu, anaandika kwa kulia, anatoa na kupokea kwa kulia. Alipoingia dukani kwa baba yao, siku ya kwanza alishika mkasi kwa kushoto, baba akatazama, akaona kitambaa kimekatwa sawa, akanyamaza. Kukata si kula. Huo mkasi aliletewa na jamaa kutoka London, miaka mingi sasa.

"Uliuliza anaandika kwa mkono gani," Fui alimaliza, kidogo kwa kujihami. "Anaandika kwa kulia. Mie sikusema uongo."

Hakusema uongo. Hakuna aliyesema uongo. Demetria aliketi kwenye stuli yake ya mazoezi. Mtu huyu kila siku anakula kwa kulia na kuandika kwa kulia mbele ya watu wote, na ndani ya kichwa chake mambo yamebaki kama alivyozaliwa. Ukanda wa khanga ulifunga mkono. Haukuhamisha maneno. Na wako watu wa namna hiyo, mashoto wa kuzaliwa, si wote lakini wapo, ambao maneno yao yanakaa kulia. Pale pale penye doa.

Alijua cha kufanya, na alijua kwamba alipaswa kukifanya wiki saba zilizopita. Akachukua kitana, ufunguo na birika dogo la chai, akavipanga mezani mbele ya mzee. Akamwomba aguse kile cha kupikia chai. Mkono wa kulia ulikwenda moja kwa moja kwenye birika. Cha kufungulia mlango. Akagusa ufunguo. Akainua kitana.

"Hiki kinaitwaje, mzee?"

Mzee alifungua mdomo. Shingo ilisimama mishipa. Ilitoka "sa", ikatoka "sa" nyingine, ikafa. Akajaribu tena kwa nguvu ya mtu anayesukuma gari bovu, na macho yake yalimganda Demetria usoni kumwomba asimwache hapo. Hakuna kilichotoka. Demetria akakishusha kitana haraka, kwa aibu.

Na ile marahaba je? Na salawati? Hilo nalo alifundishwa, mwaka wa pili chuoni, darasa la saa sita mchana lenye joto. Maneno ambayo mtu ameyasema maisha yake yote, salamu, sala, hesabu ya moja mbili tatu, huwa hayatafutwi. Yanatoka yenyewe ukiyagusa mwanzo. Mtu anaweza kupoteza jina la mwanawe na akabaki na sala. Alilijua hilo. Siku alipoitikiwa marahaba kwa mara ya kwanza lilipaswa kumjia, lakini siku hiyo alikuwa ametoka kwa wagonjwa wanne, akasikia marahaba akafurahi kwamba amejibiwa.

Na tumseme tu, alifikiria kunyamaza. Ilikuwa Alhamisi. Jumamosi Samina yuko Arusha. Fui hawezi kuunganisha mambo haya, Theonest hakuelewa, na mzee hawezi kumshtaki kwa mtu. Angeanza mazoezi ya maneno kimya kimya Jumanne ijayo, na baada ya mwezi kama neno moja au mawili yakirudi watu wangemsifu. Alikuwa amechoka mno kusimama mbele ya yule mwanamke na kumwambia. Alitamani avae viatu vyake aondoke.

Mzee alikuwa bado anakitazama kile kitana. Akanyoosha mkono wa kulia, akakichukua, akakigusisha kwenye nywele zake chache, kumwonyesha kwamba anajua ni nini.

Demetria akanyanyuka akaenda jikoni.

Samina alikuwa anafunga viungo kwenye vifuko, kila kifuko ameandika jina, ili Fui asihangaike. Demetria hakukaa. Alimweleza kama alivyoelewa, kwa mpangilio, mkasi, ukanda wa khanga, kitana. Samina aliendelea kufunga vifuko kwa muda, kisha mikono ikasimama.

"Subiri," alisema. "Wewe uliniambia sauti yake ipo."

"Nilikwambia."

"Ulichora."

"Nilichora, na nilikosea. Nilipaswa nimpime maneno, nikapima mikono tu. Nilidhani nimeshajua. Doa liko palepale kwenye maneno yake. Hakukunyima, Samina. Hana."

"Mbona wewe anakujibu?"

"Kwa sababu mie namsalimia."

Samina alimtazama kwa hasira ya kweli, hasira iliyotafuta pa kutua na ikapata mahali halali, na Demetria aliipokea bila kujitetea. Alistahili. Nje, kwenye Barabara ya Kilwa, lori lilipiga honi ndefu. Ile hasira ikakaa usoni kwa Samina kidogo, kisha ikaanza kumtoka, na alipoifuata ilikokwenda aliona inamrudia yeye mwenyewe. Akavuta stuli ya jikoni akakaa.

"Wiki saba," alisema. "Nimemgeuza kitandani, nimemsafisha, sijamwambia hata habari za asubuhi. Nilikuwa nasema moyoni, tuone nani atachoka kwanza." Akajifuta uso kwa kiganja chenye binzari, ikabaki mstari wa njano shavuni. "Kwa hiyo aliyenuna humu ndani ni mie."

Demetria angeweza kumwambia si kosa lako, na lingekuwa kweli kiasi, lakini alijua halingesaidia. Badala yake alimwambia jambo la kazi. Asimwulize baba yake maswali yanayotaka jibu refu. Asimwombe aseme jina lake, kwa leo. Aanze na kitu ambacho mzee amekisema maisha yake yote.

Samina alisimama. Akatengeneza mtandio wake kichwani kama anayekwenda kukutana na wageni. Alifika mlango wa sebule akasimama, na Demetria aliyekuwa nyuma yake aliona mgongo wake ukiogopa. Mzee hakugeuka, maana kiti kilitazama dirishani. Alikuwa amezoea kwamba hatua hizo zikiingia haziji na neno.

"Salaam alaikum, Bapa," Samina alisema.

Kichwa cha mzee kilinyanyuka. Akageuka upande wa kulia, upande mzima, akamwona.

"Alaikum salaam," alisema.

Ilitoka safi, kila herufi mahali pake, kwa sauti ile ile iliyokuwa ikijibu wateja dukani miaka hamsini. Yeye mwenyewe alishtuka kuisikia. Akataka kuongeza kitu, mdomo ukafunguka, ikatoka "sa", ikaishia hapo, na safari hii machozi ndiyo yaliyomalizia. Samina alikwishafika miguuni pake, amepiga magoti, ameushika ule mkono wa kushoto ulioshindwa kushika mkasi, anaubusu vidole na kumwambia kwamba basi, inatosha, asijilazimishe. Fui alianza kulia kwa kelele kwenye kochi. Theonest akaokota vipande vya kitambaa sakafuni, kimoja kimoja, kwa sababu hakujua aangalie wapi.

Demetria aliwaachia. Alirudi jikoni kuchukua begi lake, na pale kwenye mlango wa friji akakutana na mchoro wake mwenyewe, umebandikwa kwa sumaku ya umbo la embe. Herufi za MANENO zilikuwa kubwa, zimejiamini. Alikumbuka kile kikombe kilichorushwa, na kwamba mzee alikuwepo sebuleni siku alipokuwa anaeleza, amekaa, anasikia kila kitu. Mtu amekaa wiki ngapi anatazama hukumu yake kwenye mlango wa friji, hana neno la kuipinga, ana kikombe tu.

Akatoa kalamu. Alikata neno lile la upande wa kushoto kwa mistari miwili, akaliandika upya upande wa kulia, juu ya doa. Mwandiko ulikuwa mbaya. Alibandua kile kifuniko aende nacho akakitupe, kisha akabadilisha mawazo akakirudisha pale pale. Kila atakayefungua friji akione na yale makosa yake.

Kutoka sebuleni alisikia hatua zikitoka hadi kwenye korido, kisha zikiingia tena.

"Salaam alaikum, Bapa."

"Alaikum salaam."

Hatua zikatoka tena hadi kwenye korido, zikaingia tena. Samina alikuwa anatoka sebuleni na kuingia upya, kila mara kama amefika sasa hivi, na kila mara baba yake alimjibu. Demetria alivaa viatu vyake taratibu kando ya sanduku la kijani. Hakumwuliza mtu kama Jumamosi ipo au haipo. Mama wa Mabibo alikuwa anamsubiri, na ilishatimia saa kumi.